Kuvunjika kwa Koleo: Fikira juu ya Maisha ya William Dampier

Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyepata kusahihisha insha yenye kichwa "Mvumilivu hula mbivu". Mimi nimezisahihisha kwa mamia. Karibu zote hufuata njia moja: mtu fulani alijaribu jambo akashindwa, akajaribu tena akashindwa, akajaribu mara ya tatu akafaulu, akajenga nyumba ya matofali, na wale waliokuwa wakimcheka wakaja kumwomba msamaha. Alama hutolewa, daftari hurudishwa, na mwalimu na mwanafunzi hubaki wameridhika kwamba ukweli umesemwa. Lakini lugha yetu, ambayo haikosi methali ya kumtia mtu moyo, haikosi pia methali ya kumzuia. Wahenga wale wale waliotuambia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi ndio waliotuambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Je, mtu aliyekwisha kushindwa mara tatu atajuaje kama yeye ni mhunzi wa methali ya kwanza au ni sikio la methali ya pili? Hilo ndilo swali ambalo insha zetu hulikwepa, na nakiri kwamba hata sisi tunaozisahihisha hulikwepa.

Nataka kulichungua swali hilo kwa kuyatazama maisha ya mtu mmoja wa mbali na wa zamani, Mwingereza aitwaye William Dampier, aliyezaliwa mwaka 1651 katika kijiji cha East Coker, wilaya ya Somerset, na kufa London mwaka 1715. Sikumchagua kwa ajili ya wema wake, maana wema wake una mashaka mengi. Nimemchagua kwa sababu katika watu mashuhuri ninaowafahamu, sijui mwingine aliyeshindwa mara nyingi kama yeye, katika bahari nyingi kama zile, na asiache. Tena, msomaji ataona, alishindwa kwa namna mbili ambazo hazifanani, na katika kutofautisha namna hizo mbili ndipo ninapodhani kuna jibu.

Yafaa kwanza tueleze kazi yake. Katika karne za 17 na 18 dola za Ulaya zilikuwa na desturi ya kuwapa wenye merikebu zao binafsi hati ya kuteka vyombo vya adui wakati wa vita. Wenye mali waligharimia safari, mabaharia walipanda bila mshahara au kwa mshahara mdogo, na mateka yaligawanywa mafungu. Aliyekuwa na hati aliheshimiwa kama mtumishi wa mfalme. Asiyekuwa nayo aliitwa haramia na kunyongwa bandarini. Tofauti kati yao ilikuwa karatasi, na mwenye kuporwa hakuiona tofauti hiyo. Desturi hiyo haikupigwa marufuku mpaka Azimio la Paris la mwaka 1856. Dampier aliifanya kazi hii kwa namna zote mbili, mara pamoja na maharamia wasio na hati, mara kwa hati ya Malkia wake, na sidhani kwamba aliona aibu kubwa kwa namna yoyote.

Hakuanza huko. Alifiwa na wazazi wote wawili angali kijana, akaingia baharini, akafika Newfoundland kwenye baridi kali asiyoipenda, kisha Java. Akapigana katika vita vya Waingereza na Waholanzi mwaka 1673, akaugua, akarudishwa nyumbani. Mwaka 1674 alikwenda Jamaica kufanya kazi katika shamba la miwa, akagombana na wakubwa wake, akaondoka. Ndipo alipokwenda Ghuba ya Campeche, upande wa Mexico, kukata magogo ya mti utoao rangi, ambao viwanda vya nguo vya Ulaya viliununua kwa bei nzuri. Hapo kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu atakayefanikiwa. Juni 1676 ikapiga tufani. Maji yalifunika kambi yao, zana na chakula vikachukuliwa, na wakata magogo wakabaki na maisha yao tu. Asiyekuwa na shoka hana ukataji wa magogo. Dampier akajiunga na maharamia, kwa sababu iliyomtosha yeye: alikuwa na njaa, nao walikuwa na mtumbwi.

Mwaka 1679 aliondoka tena Uingereza, akimwacha mkewe, Judith, ambaye alikuwa amemwoa muda mfupi kabla. Alirudi mwaka 1691. Miaka 12 hiyo ingetosha kuwa maisha ya watu watano. Alivuka kwa miguu shingo ya nchi ya Panama pamoja na maharamia waliokwenda kuwavamia Wahispania wa Bahari Kuu, na mwaka 1681 akaivuka tena kurudi, mvua ikinyesha na mito ikifurika, mikono mitupu. Akaingia merikebu nyingine na nyingine. Mwaka 1686, chini ya nahodha Charles Swan, alivuka Bahari Kuu kutoka Mexico mpaka Guam, mwendo wa siku 51, chakula kikiwa karibu kwisha. Walipokwisha kufika ndipo ilipojulikana kwamba mabaharia walikuwa wamepatana kumla nahodha kwanza, kisha wale wote walioishauri safari hiyo, Dampier miongoni mwao. Swan, ambaye alikuwa mtu wa mwili, alimtania Dampier kwamba yeye asingewashibisha, kwa jinsi alivyokonda. Baadaye mabaharia walimwacha Swan huko Mindanao na kwenda zao na merikebu. Nao wakazunguka China, na Januari 1688 wakafika pwani ya kaskazini-magharibi ya nchi iitwayo sasa Australia.

Baada ya miaka yote hiyo alikuwa na nini mkononi? Dhahabu hakuwa nayo. Alikuwa na daftari. Kabla ya kuivuka Panama mwaka 1681 alitafuta pingili kubwa ya mwanzi, akatia ndani yake karatasi zake za shajara, akaziba kila upande kwa nta ili maji yasiingie. Wenzake walibeba bunduki na mafungu yao ya fedha, na mmoja wao alizama mtoni kwa uzito wa alichobeba. Yeye alibeba mwanzi. Katika daftari hilo aliandika kila alichokiona: namna kobe atagavyo mayai, namna ya kula parachichi kwa sukari na maji ya ndimu, namna shelisheli la Guam linavyookwa na kuliwa lingali la moto. Maneno haya msomaji wa Pwani atayasoma bila mshangao, maana shelisheli analo uani. Kwa Waingereza wa siku zile yalikuwa ni habari za ulimwengu mwingine.

Na hapa naomba nikae kidogo juu ya jambo moja, kwa kuwa naliona ndilo kitovu cha habari yote. Tufani ya Campeche ya mwaka 1676 ilimfilisi. Mtu mwingine angeikumbuka kama bahati mbaya yake, kisa cha kusimulia kwa huzuni. Dampier aliiandika: upepo ulianzia upande gani, ulizunguka namna gani, mawingu yalikuwa ya rangi gani, bahari ilijivuta vipi kabla ya kurudi kwa nguvu. Mwaka 1687, katika bahari ya China, merikebu yao ilipigwa na dhoruba nyingine. Akaiandika hiyo nayo. Kisha akaziweka mbili hizo pamoja, akasema kwamba dhoruba ya visiwa vya Magharibi na dhoruba ya China ni kitu kimoja, ila watu wameipa majina mawili. Wataalamu wa hali ya hewa humtaja hadi leo kwa neno hilo. (Na sisi walimu wa lugha tutatabasamu kuona kwamba jina alilolisikia huko Mashariki linafanana sana na tufani yetu.) Mwaka 1699 alitoa kitabu chenye sehemu nzima juu ya pepo, mikondo na bamvua za nchi za joto, humo alizieleza pepo zinazobadilika kwa majira katika Bahari ya Hindi, zile ambazo manahodha wa majahazi walizijua kwa majina ya kusi na kaskazi karne nyingi kabla ya babu yake kuzaliwa. Hakuwa wa kwanza kuzijua. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuziweka katika kitabu kimoja pamoja na pepo za bahari nyingine zote.

Turudi kwenye safari. Mei 1688, akiwa amechoshwa na maharamia, aliomba kushushwa katika visiwa vya Nicobar. Yeye na wenzake wachache walinunua mtumbwi. Ukapinduka siku ya kwanza, wakazikausha karatasi na ramani zake kwenye moto. Kisha wakaufunga mabawa kama ngalawa wakashika njia ya Sumatra. Wakakutwa na dhoruba usiku. Anasema mwenyewe kwamba alikuwa amekwisha kuiona mauti mara nyingi, lakini mara zile alikuwa katika joto la vita; usiku ule mauti ilimjia polepole, naye akapata nafasi ya kuyatazama maisha yake, akayaona kuwa mabaya. Aliapa kubadilika. Walifika Aceh wakiwa wagonjwa, na baadhi yao wakafa.

Je, alibadilika? Hapa mwenye kupenda mvumilivu wa insha atasikitika. Kabla ya kurudi kwao, Dampier alipata sehemu ya umiliki wa mtu aitwaye Jeoly, aliyetoka katika visiwa vilivyo karibu na Mindanao, mwenye chale za mapambo mwili mzima. Alimleta London mwaka 1691 kwa matumaini ya kupata fedha, na kwa kuwa hakuwa na senti alimwuza kwa wengine, waliomtembeza na kumwonyesha kwa watazamaji kama mnyama wa ajabu. Jeoly alikufa kwa ndui huko Oxford. Dampier anaandika kwa huruma juu ya ugonjwa wa Jeoly na wa mama yake walipokuwa Sumatra, na juu ya majonzi ya mwana mama alipokufa. Huruma hiyo naiamini. Haikumzuia kuuza.

Mwaka 1697 kitabu chake cha safari ya kuizunguka dunia kilipigwa chapa, kikapigwa tena na tena kwa muda mfupi. Wanachuo wakamwalika mezani. Wakubwa wa jeshi la bahari wakasema: mtu anayejua pepo namna hii apewe merikebu. Wakampa *Roebuck*, chombo kilichozeeka, na mabaharia wapatao 50, akaondoka Januari 1699 kwenda kuichunguza Australia. Mtu ambaye hakuwa amepata kuamuru merikebu yoyote ya maana akawa nahodha wa kifalme. Kabla ya kufika Brazil alikuwa amekwisha kugombana na naibu wake, George Fisher, akampiga kwa fimbo, akamtia pingu, na walipofika Bahia akamwacha katika gereza la Wareno. Huko Australia alihitaji maji. Akataka kumkamata mwenyeji mmoja amwonyeshe kisima. Mapigano yakazuka, baharia mmoja akachomwa mkuki, naye Dampier akampiga mtu risasi na kumjeruhi. Ameandika kwamba alisikitika. Maji hakuyapata.

Wakati wa kurudi, Februari 1701, *Roebuck* ikaanza kuvuja vibaya karibu na kisiwa cha Ascension. Seremala alikata mbao za ndani apate kulifikia tundu, na maji yakazidi kuingia. Merikebu ikazama. Mabaharia walikaa kisiwani kwa wiki tano hivi, wakila kobe na mbuzi, mpaka zilipopita merikebu za kwao zikawachukua. Mwaka 2001 wapiga mbizi kutoka Australia Magharibi waliyapata mabaki ya chombo hicho. Dampier alipoteza vitabu vyake vingi hapo, lakini alikuwa ameikausha mimea ya Australia kati ya karatasi, naye akaiokoa. Zaidi ya vipande 20 vya mimea hiyo viko Oxford hata sasa.

Juni 1702 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kwa ukatili juu ya Fisher, ikamnyang'anya mshahara wote wa safari, ikatamka kwamba hafai kuwa nahodha wa merikebu yoyote ya Malkia. Miezi kumi baadaye, Aprili 1703, alipelekwa mbele ya Malkia huyo huyo akabusu mkono wake, kwa kuwa vita na Hispania na Ufaransa vilikuwa vimeanza, na matajiri walikuwa wamempa merikebu mbili za kuteka, *St George* na *Cinque Ports*.

Safari hiyo ya mwaka 1703 hadi 1707 ni orodha ya mambo yaliyokwenda mrama. Vyombo havikuwa vimewekewa kinga dhidi ya wadudu watoboao mbao. Merikebu ya Kifaransa iliponyoka baada ya mapigano ya saa nyingi. Manahodha wawili wakagombana na kutengana. Desemba 1704 Dampier alikutana na kile alichokuwa akikiota tangu ujana wake, merikebu ya hazina itokayo Manila kwenda Acapulco, tena ikiwa haikujiandaa. Mmoja wa mabaharia wake aliandika kwamba wakati wao wakibishana kama waipande au wasiipande, Wahispania waliitoa mizinga yao. Mizinga ya Dampier ilitupa risasi za ratili 5. Ile ya Wahispania, za ratili 18 na 24. Akarudi nyuma na chombo kilichotobolewa. Mabaharia wakamwacha makundi kwa makundi. Alirudi kwao mwaka 1707 akiwa hana kitu, akakuta baharia yule amekwisha kuitangaza habari yote kitabuni. Akajibu kwa kijitabu cha kujitetea, na katika kijitabu hicho kila mtu ana kosa ila Dampier.

Sasa, ndugu wasomaji, naomba tuyaweke mambo mawili haya kando kwa kando, kama yeye alivyoziweka tufani zake mbili. Tufani ilimshinda, naye akauliza: ilikuwaje? Fisher alimshinda, mabaharia wa *St George* walimshinda, naye akauliza: nani wa kulaumiwa? Katika daftari lake Dampier alikuwa mwangalifu kiasi cha kutenga alichokiona kwa macho na alichoambiwa na watu. Kwenye sitaha ya merikebu yake hakupata kujiangalia hivyo hata siku moja. Kwa nje, mtu huyu ni mmoja na uvumilivu wake ni mmoja: miaka 40 ya kuanguka na kuinuka. Kwa ndani naona viwili. Kimoja kilirudi kutoka katika kila anguko na kitu kipya mkononi. Kingine kilirudi mikono mitupu na kuanza upya pale pale, kwa hasira ile ile, na mabaharia wengine wa kuilipa gharama.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba huwezi kumpasua mtu kama ubao. Kwamba bila ule ukaidi wa kuikimbiza merikebu ya Manila asingefika alikofika, na daftari lisingeandikwa. Kwamba miti huota katika samadi. Hoja hii ina uzito, nami siwezi kuivunja yote. Dampier mpole na mnyenyekevu angebaki Somerset akilima. Lakini yafaa kuuliza samadi hiyo ilitoka wapi. Tunaposema "alishindwa, akainuka", tunasema kana kwamba aliyeanguka alikuwa peke yake. Nahodha haanguki peke yake. Katika insha za wanafunzi wetu mvumilivu hana mke aliyeachwa miaka 12, hana naibu aliye gerezani Bahia, hana Jeoly. Mtu anayejaribu tena kwa nguvu zake mwenyewe na anayejaribu tena kwa maisha ya wengine hawafanyi tendo moja, ijapokuwa tunawapa neno moja.

Nami nina sababu ya kusema hivyo. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi aliyeshindwa mtihani wa kuendelea na masomo. Nilimwambia: koleo limevunjika, uhunzi haujakwisha. Akarudia mwaka. Akashindwa. Nikamwambia lile lile, kwa sauti ile ile, na baba yake, aliyekuwa mvuvi wa ndagala hapa ziwani, akauza taa na wavu akalipa karo ya mwaka wa tatu. Aliposhindwa mara ya tatu ndipo nilipoliomba daftari lake, nikalisoma. Katika miaka mitatu alikuwa ameirudia kanuni ile ile ya hesabu kwa kosa lile lile, kwa mwandiko mzuri, kwa bidii isiyo na kifani. Hakuna mtu aliyekuwa amelifungua. Mimi nilikuwa na methali, na kwa kuwa nilikuwa na methali sikuona haja ya kulifungua. Mvulana alikuwa na uvumilivu wote uliotakiwa. Aliyekosa hapo alikuwa mwalimu wake, na aliyelipa alikuwa mvuvi.

Kuna tukio moja katika mwisho wa maisha ya Dampier ambalo nalipenda kuliko yote. Katika safari ile ya 1703, mnadhimu wa *Cinque Ports*, Mskochi aitwaye Alexander Selkirk, alikataa kuendelea na chombo kilichokwisha kutobolewa, akaachwa peke yake katika kisiwa cha Juan Fernández mnamo mwishoni mwa 1704. Alisemwa kuwa mkaidi na mwoga. *Cinque Ports* ikaharibika baadaye kama alivyosema, na waliosalimika wakaangukia mikononi mwa Wahispania. Selkirk aliacha, na kuacha kwake ndiko kulikokuwa na akili. Insha zetu hazina nafasi ya mtu kama huyo.

Mwaka 1708 matajiri wa Bristol walitayarisha merikebu mbili nyingine chini ya nahodha Woodes Rogers. Dampier, mwenye umri wa miaka 57, alichukuliwa, lakini safari hii si kwa kuamuru. Alichukuliwa kuwa rubani, mtu wa kuulizwa juu ya pepo na mikondo. Februari 1709 wakafika Juan Fernández, wakamkuta Selkirk amevaa ngozi za mbuzi, maneno yakimtoka nusu nusu, baada ya miaka minne na miezi. Ofisa mmoja wa safari hiyo aliandika kwamba Selkirk aliposikia kuna mtu fulani chomboni ambaye alikuwa hapatani naye, alisita kupanda mpaka alipohakikishiwa kwamba mtu huyo si mwenye kuamuru. Na wengi huamini kuwa ni Dampier. Fikiri: mtu aliyekaa peke yake miaka minne, na bado akaona afadhali kuuliza kwanza. Naye Dampier alifanya nini? Alimwambia Rogers kwamba huyu ndiye aliyekuwa mtu bora kuliko wote katika *Cinque Ports*. Rogers akamfanya Selkirk mnadhimu papo hapo. Huenda ndiyo mara pekee tunayomwona Dampier akikiri, bila kusema hivyo, kwamba katika safari yake mwenyewe mwenye haki alikuwa ni yule aliyemkimbia.

Desemba 1709 Rogers aliiteka merikebu mojawapo ya Manila. Dampier alikuwapo, akiwa ameingojea kwa miaka mingi. Walirudi katika mto Thames Oktoba 1711, naye akawa mtu wa kwanza ajulikanaye kuizunguka dunia mara tatu. Kesi za kugawana mateka zilichukua miaka, na Dampier akafa Machi 1715 kabla ya kulipwa fungu lake kamili, akiacha madeni. Mahali alipozikwa hapajulikani.

Nakala ya mkono ya shajara yake ya kwanza imehifadhiwa London. Waliozilinganisha kurasa zake na kitabu cha 1697 wameona kwamba maelezo ya watu wa Australia katika nakala hiyo ni mapole kuliko yale makali yaliyopigwa chapa. Kwa hiyo hata kalamu yake haikuwa safi sikuzote, na haijulikani kama ukali huo ulitoka kwake au kwa waliomsaidia kukitengeneza kitabu. Pembeni mwa kurasa za nakala hiyo mna maneno aliyoyaongeza mwenyewe, kwa mwandiko wake.